Usiku Nilipomaliza Betri ya Anko Malaba

Kwanza niseme kosa lilikuwa langu, ndiyo mtu asianze kunitetea kabla ya kusikia stori yote.

Oktoba mwaka jana chuo kilikuwa kimefungwa na mfuko wangu pia. Anko, ndugu mdogo wa mathe, huendesha trela ya mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala. Taniboi wake alikuwa mgonjwa, akaniuliza kama naweza kushikilia nafasi kwa safari moja tu, Mombasa hadi Malaba, halafu ng'ambo angesaidiwa na mtu mwingine. Malipo kidogo, chakula juu yake. Na kwa sababu nyumbani ni Busibwabo, nikishuka Malaba ningepanda matatu ya Busia kupitia Adungosi nifike kwa nyanya kabla ya giza. Nilikubali hata kabla hajamaliza kueleza. Nilimwambia nataka pesa. Ukweli ni kwamba nilitaka kontenti.

Mnazijua zile video. Mzungu na mpenzi wake wameuza nyumba, wamenunua gari la kulala, ndani kuna kitanda cheupe, jiko dogo, taa za njano, na mlango wa nyuma ukifunguliwa unaona bahari. Nimeziangalia nyingi kuliko nilivyosoma noti za chuo. Nikajiambia, si hata sisi tuko na watu wanaolala kwa magari kila usiku, zaidi ya kilomita 900 kutoka bandarini hadi mpakani, na hakuna mtu anawarekodi? Kebini ya Anko ina kitanda nyuma ya viti, pazia, friji ndogo, feni, redio. Meko na sufuria ziko kwenye boksi la pembeni mwa trela. Hiyo si nyumba? Nitaipiga video, niiwekee muziki mtamu, watu waje.

Bado naamini wazo halikuwa baya.

Siku ya kwanza, kabla hata tufike Mariakani, Anko alinionyesha kisaa kidogo chenye namba nyekundu alichokifunga mwenyewe kwenye dashibodi. Kinasoma volti. Akaniambia, "Huyu ndiye mwenye nyumba. Ukitaka kuchomeka kitu usiniulize mimi. Muulize huyu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wazee.

Hesabu yake ni hii, na nitaieleza polepole kwa sababu mimi ilinichukua siku tatu na aibu moja kuielewa. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa moja baada ya nyingine, kwa hivyo jumla ni 24. Zikiwa zimejaa na zimetulia, kisaa husoma kama 25.4. Ikisoma 24.4, umebaki na nusu hivi. Anko haruhusu ishuke chini ya 24.6. Ikifika hapo kila kitu kinalala, hata kama wewe hujalala.

Betri zake zimeandikwa ampea-saa 150. Zidisha kwa 24, unapata wati-saa 3,600. Wale wa bedsita mnaelewa haraka: hizo ni yuniti 3.6 za tokeni. Sasa ondoa nusu, kwa sababu betri ya asidi ukiikausha kupita nusu mara kwa mara unaiua. Halafu kumbuka hizi ni betri za kuwasha injini. Zimetengenezwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache, si kidogo kidogo usiku kucha. Halafu kumbuka zina miaka mitatu. Ukimaliza kuondoa na kukumbuka, nyumba nzima ya Anko inaendeshwa na kitu kama yuniti moja kwa usiku. Na hiyo yuniti moja ndiyo itawasha injini asubuhi.

Hapo ndipo zile video zilinidanganya. Gari la kulala la kweli lina betri mbili tofauti: ya injini kando, ya nyumba kando. Ukimaliza ya nyumba kwa kuangalia sinema, utalala gizani, lakini asubuhi gari linawaka na unaenda zako. Lori la mizigo la kawaida halina hiyo. Jikoni na injini wanakula sahani moja.

Na usiniulize mbona asiache injini ikinguruma. Injini ya trela ikiwa imesimama inakunywa lita mbili hadi tatu za dizeli kwa saa, na dizeli inapimwa. Ikipungua bila kilomita kuongezeka, dereva ndiye huulizwa.

Basi tukasafiri vizuri. Gari likitembea oltaneta inajaza, kisaa kinasoma 28 na kitu, kila mtu ana furaha, mimi nachaji laptopu, simu na kamera kama mtoto wa waziri. Mombasa, Nairobi, Nakuru, Eldoret. Tukashuka Webuye, tukapita Kanduyi. Baada ya Kimaeti Anko akapunguza mwendo, akasema, "Ehe. Karibu Malaba." Mbele yetu kulikuwa na matako ya malori hadi barabara inapopinda.

Sistimu ilikuwa imelala. Sistimu ya nani, upande gani, sikuambiwa na sikuuliza. Malaba, "sistimu imelala" ni kama kusema mvua imenyesha.

Anko hakushtuka. Alikuwa kwenye ile foleni ya Januari 2022, wakati madereva waligoma kwa sababu upande wa Uganda walikuwa wanalipishwa dola 30 kupimwa Korona. Kampala petroli ikapanda bei mpaka ikawa habari, na huku nyuma watu walikuwa wanaishi barabarani siku baada ya siku. Huko ndiko alikojifunzia volti. Alisema wiki hiyo waliokuwa na betri nzuri walikuwa wanaheshimiwa kuliko waliokuwa na pesa.

Kitu ambacho hakuna video ilinifundisha: foleni inakula betri kuliko usiku. Unawasha, unasonga mita hamsini, unazima. Robo saa, unawasha tena. Kila ukiwasha, stata inavuta ampea mamia. Mita hamsini hazitoshi oltaneta kurudisha ilichokopesha. Tulifanya hivyo mchana kutwa. Ilipofika saa kumi na moja jioni foleni ikafa kabisa, kisaa kikiwa 25.0, na Anko akiwa ameamka tangu saa tisa usiku.

Akapanda kitandani. Akaniambia mambo matatu. Moja, chaji simu yangu, iko asilimia sita. Mbili, niamshe saa tatu kasoro robo. Tatu, ukiona 24.6, zima.

Saa tatu ndiyo saa ya binamu yangu. Yuko Gredi ya Sita, na karibu kila usiku Anko hupiga simu nyumbani Busibwabo wanafanya Hisabati pamoja. Mtoto anasoma swali, Anko anaandika nyuma ya risiti ya mafuta, wanabishana. Nilikuwa nimewasikia safari nzima. Mtu amebeba tani kibao za mzigo anasema, "Hapana mama, usiogope sehemu, ni mkate tu umekatwa." Kesho yake asubuhi mtoto alikuwa anaanza KPSEA, na karatasi ilikuwa ya Hisabati.

Haya, sasa mimi.

Kebini ina tundu moja tu, lile la kuwashia sigara. Chaja ya simu ya Anko inaingia hapo. Inveta yangu, ile ndogo ya wati 150, pia inaingia hapo. Nilikuwa na klipu ya kumaliza, na jioni hiyo mwanga ulikuwa mzuri ajabu: jua linazama upande wa Uganda, malori yamepangwa kama shanga. Nikawasha taa zote ndogo za pembeni mwa trela ndiyo foleni yetu iwake kwenye picha. Nikapiga. Ikatoka vizuri, sitadanganya. Nikaingia ndani, nikachomoa simu ya Anko ikiwa asilimia tisa, nikachomeka inveta, nikafungua laptopu. Nikajiambia nusu saa tu.

Taa za nje nilizisahau. Zilikuwa nyuma yangu, sizioni.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya dhambi zangu. Laptopu inavuta wati 65, lakini inveta nayo hula yake ikibadilisha umeme, kwa hivyo weka 75. Taa za trela, balbu kumi na sita za zamani za wati tano tano, hizo ni 80. Yaani taa zilikula kuliko laptopu! Friji 45, lakini inawaka na kuzima, weka nusu. Jumla karibu wati 180, kwa saa tatu na nusu: zaidi ya wati-saa 600. Kwa betri mpya zilizojaa, hilo si janga. Kwa zile, baada ya mchana ule, ilikuwa wizi.

Kisaa nilikiona. Hili ndilo linaniuma. Nilikiona kikiwa 24.5, nikaona 24.1. Nikajiambia hiyo ni kwa sababu vitu viko waya, nikizima itapanda. Ni kweli hupanda kidogo. Pia nikajiambia inveta ina akili, ikiona betri imeshuka itajizima yenyewe. Hiyo nayo ni kweli. Ile ambayo sikujua ni kwamba inveta nyingi za volti 24 hujizima kwa 21 hivi, na zikifanya hivyo zinajilinda zenyewe. Lori lako haziko nalo.

Ikalia piii saa mbili na nusu. Laptopu ikabaki na betri yake, klipu imefika asilimia 71.

Anko aliamshwa na ule mlio. Akaangalia kisaa. Akaangalia nje, akaona taa za trela zikiwa nyekundu hafifu kama makaa ya jana. Akazima. Akachukua kifunguo, akazungusha.

Tak. Tak-tak-tak-tak.

Akatoka nje akazima swichi kuu ya betri. Nikamwambia, "Anko, simu inakula wati kumi tu, wacha ichaji dakika tano upige." Akasema, "Wacha zipumzike. Zikipumzika mpaka asubuhi labda zitatoa moto wa kuwasha mara moja. Mara moja tu ndiyo nataka." Simu yake ilikuwa imeshazimika. Yangu ilikuwa asilimia tatu kwa sababu ya kurekodi. Akaichukua, akabonyeza namba ya nyumbani kwa kichwa. Ikaita mara mbili. Nikasikia sauti ndogo, "Halo?" halafu skrini ikawa nyeusi.

Msiniulize nilijisikiaje. Ningemeza ile laptopu.

Vibanda vya kuchaji simu vilikuwa mbele huko Amagoro, na usiku huachi mzigo wa watu ukaenda kutafuta kibanda. Kuna wanaonyonya dizeli. Kuna sili ya mlangoni, ile ya kielektroniki inayofuatiliwa na mamlaka za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda kwa pamoja. Ikiguswa, simu zinaanza kulia mahali. (Hiyo sili ina betri yake. Mzigo ulikuwa na chaji kuliko sisi.) Na kuna hili: kutoka Malaba mpaka nyumbani Busibwabo ni kama mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu. Mtu yuko karibu na mlango wake hivyo, na hawezi kwenda.

Anko akatembea lori kwa lori akigonga milango. Wengi walikuwa wamelala. La tano au la sita, dereva mmoja Mganda akampa simu. Ilikuwa saa nne kasorobo. Alisimama katikati ya barabara na nilimsikia kwa sababu usiku wa foleni, injini zote zikiwa zimezimwa, unasikia hata panzi.

Mtoto alikuwa amelala. Alingoja, akaambiwa alale.

Basi akaanza kumwachia mama yake ujumbe. "Mwambie kwa kugawanya sehemu, ageuze ile ya pili. Ya pili. Ya kwanza isiguswe. Halafu azidishe." Kimya. "Hapana, si ya kwanza, nimesema ya pili." Kimya. "Andika. Tafuta kalamu."

Akarudi akalala. Hakusema neno, na mimi sikupata la kusema.

Asubuhi saa kumi na moja foleni ikaamka. Unasikia kwanza mbali, injini moja, mbili, halafu zote. Anko akarudisha swichi kuu, akasubiri, akazungusha kifunguo. Tak-tak. Nyuma yetu hazadi zikaanza, honi, mtu anatukana mama zetu kwa lugha nisiyoijua. Wakaanza kutupita. Nilihesabu malori 37. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Na si ati unaweza kulisukuma. Usiku upepo wa breki ulikuwa umevuja, na lori bila upepo breki zake zinajifunga zenyewe. Bila injini hakuna upepo, bila upepo hakuna kusonga hata sentimita. Gari dogo nalo haliwezi kukusaidia kwa sababu ni volti 12. Lazima lori jingine.

Yule Mganda wa simu ndiye alirudi kwa miguu kuona ni nani amekwama. Akamsimamisha mwenzake mmoja akae ubavuni mwetu, akafunga barabara wote wakipiga kelele, wala hakuwaangalia. Fundi akaja na boda kutoka Amagoro akiwa na kebo nene kama mkono wa mtoto. Kabla ya kuunganisha akapima kila betri peke yake. Moja 12.2. Nyingine 10.1.

"Hii redio ni ya volti ngapi?" akauliza.

Redio na feni zilikuwa za gari dogo, volti 12. Aliyeliendesha lori kabla ya Anko alikuwa ametoa waya katikati, kwa betri moja tu, badala ya kuweka konvata ya kushusha 24 iwe 12. Watu wengi hufanya hivyo, ni rahisi. Lakini betri moja inakonda kila siku na nyingine inanenepa, na oltaneta haijui. Inazichaji kama mapacha. Aliyeshiba anachemka maji yanaisha, mwenye njaa hashibi. Anko alikuwa amesharipoti. Aliambiwa itaangaliwa.

Najua mnachofikiria: kumbe haikuwa kosa lako. Hapana. Anko alikuwa anaishi na betri mbovu miezi na hajawahi kukwama, kwa sababu alijua ni mbovu. Mimi ndiye nililala nyumbani kwake siku nne nikaiangusha.

Fundi akaunganisha, akasema tungoje. Dakika kumi lori la jirani linanguruma, moto unaingia kwetu polepole. Halafu Anko akazungusha. Ikawaka. Tukangoja tena upepo ujae, sindano ikipanda hadi 8. Fundi akachukua 1,500. Mganda akakataa hata soda. Akaniangalia mimi, akamuuliza Anko, "Ssebo, huyu ndiye wa taa za Krismasi?"

Kumbe foleni nzima iliziona.

Tulivuka siku moja baada ya tuliyotarajia. Usiku uliofuata, tulipokuwa tumefika yadi ya kuegesha pale Malaba, Anko alinipa kalamu na risiti ya mafuta akaniambia niandike namba ya kisaa kila saa mpaka saa sita. 25.1. 25.0. 25.0. Kazi ya kuchosha ajabu. Saa tatu alipiga simu nyumbani, simu ikiwa asilimia 80. Mtoto alikuwa anataka kuongea kuhusu Sayansi. Ya Hisabati hakuna aliyeuliza, na mpaka leo mimi sijauliza.

Hiyo yadi sasa. Hapa ndipo nina maoni.

Unalipa kulala. Unapata mlinzi, choo, maji ya kuoga ukiongeza pesa. Kuchaji simu ni kibanda cha nje, unaiacha kwa mtu usiyemjua, unarudi baada ya saa mbili. Stima iko. Nguzo ziko, baa ya jirani inapiga muziki mpaka alfajiri. Lakini soketi ya dereva mahali alipoegesha sikuiona kwa yadi hata moja kati ya zile nilizoingia.

Kule kwa wenye magari ya kulala, kampi isiyo na nguzo ya umeme inabidi ijieleze. Marekani nguzo ya kawaida ni ampea 30 kwa volti 120, hizo ni wati 3,600 muda wote unaotaka, na kuna za ampea 50. Ulaya kampi nyingi hutoa ampea 6, au 10, au 16, kwa volti 230. Watu hulia kwamba ampea 6 ni kidogo, ukiweka birika ya chai ya wati 2,000 inakatika. Ni kweli, 6 kwa 230 ni 1,380. Nimewaangalia wakilalamika kwa dakika ishirini, na nikawaonea huruma, kabla ya kwenda Malaba.

Dereva wa Malaba haombi birika. Anaomba wati 100 kwa usiku. Simu, taa, friji ya maziwa na insulini ya mwenzake mmoja niliyemkuta hapo. Wati 100 kwa saa kumi ni yuniti moja. Kwa bei ya stima ya Kenya haifiki shilingi hamsini. Mwenye yadi akilipisha mia moja amepata faida, na dereva amelala bila kuangalia namba nyekundu. Kinachotakiwa ni waya, soketi za kuzuia mvua, na fyuzi ndogo ili mtu asilete pasi. Huo mradi hauhitaji mfadhili kutoka Denmark.

Na wale wa "si waweke sola": naam, nilimwambia Anko hivyo hivyo. Paneli ya wati 100 kwa jua la huku ingempa kama wati-saa 400 kwa siku, ingetosha kabisa. Akaniuliza ni ya nani, hiyo sola. Lori ni la kampuni, paa halitobolewi. Akihamishwa lori kesho, paneli inabaki. Akiifunga kwa kamba, anaamka Mlolongo haiko. Amefikiria hayo yote zamani. Nilichukia jinsi nilivyolitoa wazo langu kama zawadi.

Nafikiri ndiyo maana zile video siku hizi zinanikaa vibaya kidogo. Sina ubaya na Mzungu na taa zake. Lakini yeye akizima friji usiku ili betri ifike asubuhi, anaambiwa ni ujasiri, anafundisha darasa. Anko anafanya hivyo usiku karibu 25 kwa mwezi, na mimi mtoto wa nyumbani nilipanda kebini yake nikidhani ninaenda kumwonyesha jinsi ya kuishi kwenye gari.

Ile klipu nilimaliza nikiwa kwa nyanya, nikaipandisha. Imetazamwa mara 340, na ishirini ni mimi. Taa zinang'aa vizuri sana.

Nilishuka Malaba kabla hajaingia ng'ambo. Nilimwachia pawabenki yangu, akaniambia hiyo pia lazima ichajiwe na kitu, nikamwambia nimeijaza kwa kibanda. Akaichukua. Betri moja ilibadilishwa Desemba. Waya wa redio bado. Akilala njiani hunitumia meseji, hajawahi kuniambia kwa nini, na huwa ni namba tu. Jana ilikuja saa nne usiku, nafikiri alikuwa Salgaa.

24.9.

Nikamjibu azime friji.